Udaktari wa chuo binafsi au uuguzi wa chuo cha serikali: kisa cha binti wa PCB

Binti ninayemzungumzia hapa alimaliza Kidato cha Sita mwezi Mei 2023 katika shule ya bweni ya serikali mkoani Tabora, kombi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kwao ni kijijini, wilaya ya Urambo, katika familia ya wakulima wa tumbaku. Baba yake alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Mama aliolewa tena akahamia upande wa Mpanda, na binti akabaki kulelewa na bibi mzaa baba. Mwenye kauli katika mambo ya fedha ni baba mdogo. Mimi nilimfundisha Kemia, na pale shuleni ndiye ninayeshughulika na ushauri kwa wanafunzi wanaokwenda vyuoni. Ameniruhusu kuandika habari zake kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, shule wala kijiji.

Swali lililokuja kuigawa familia lilikuwa moja: amepata nafasi katika vyuo viwili, athibitishe kipi? Lakini kabla ya kufika hapo watu wengine walikwisha kumwamulia mambo kadhaa, baadhi yao bila kujua kwamba wanaamua. Ndiyo sababu nataka kukieleza kisa hiki kwa urefu. Ninavyoona mimi, mwalimu au mzazi anayemsindikiza kijana kuelekea chuo ana kazi moja iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuulinda uamuzi ubaki mikononi mwa kijana mwenyewe mpaka dakika ya mwisho.

Pointi zinazopishana

Katikati ya Julai Baraza la Mitihani, NECTA, lilitangaza matokeo. Alipata C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia. Hisabati ya BAM, somo la ziada lisilohesabiwa kwenye daraja, alipata S. Hiyo ni daraja la pili la pointi 10. Baba mdogo alinipigia simu siku hiyohiyo, furaha imemjaa: "Mwalimu, nimeulizia, udaktari unataka pointi 6 tu. Sisi tunazo 10. Tumevuka!"

Kauli hiyo naisikia kila mwaka, na wazazi hawastahili lawama yoyote. Ziko hesabu mbili za pointi zenye jina moja, na zinakwenda kinyume. NECTA inapopanga madaraja, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi za masomo matatu ya kombi zikijumlishwa, kuanzia 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Huko mwenye chache ndiye aliyefaulu zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inapopima sifa za kujiunga na shahada, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Huko mwenye nyingi ndiye aliye mbele. Kwa hesabu ya TCU binti alikuwa na pointi 8. Zile 6 alizosikia baba mdogo ni kiwango cha chini cha kuomba udaktari, sawa na D tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ukikifikia unaruhusiwa kusimama kwenye foleni. Foleni yenyewe ni habari nyingine.

Mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka unaonyesha, kwa kila programu, sifa za kujiunga, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Watu wengi husoma pointi wakaishia hapo. Mimi huwataka wanafunzi waanze na idadi ya nafasi, kisha wajiulize ni nani wengine watakaozitaka. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kinaombwa na vijana wa PCB kutoka kila mkoa, na wenye A na B ni wengi. Mwenye pointi 8 anaruhusiwa kuomba udaktari pale, lakini anayempenda amwambie ukweli kwamba uwezekano ni mdogo sana. Na kuomba kuna gharama. Tangu mwaka wa masomo 2017/18, TCU ilipoacha mfumo wake wa kupokea maombi yote kwa pamoja, mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na ada ya maombi hulipwa kwa kila chuo.

Kambini

Wakati haya yote yanatokea, mwenyewe hakuwapo. Mwanzoni mwa Juni alikuwa ameripoti katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, yale yaliyosimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Kuruta hashiki simu apendavyo. Matokeo yakatoka, dirisha la kwanza la udahili likafunguliwa, naye yuko kwenye gwaride mkoa mwingine. Hiyo ndiyo kalenda ya wahitimu wetu: wiki ambazo kijana anahitajika zaidi mbele ya kompyuta ndizo ambazo yuko mbali nayo zaidi.

Kabla hawajaondoka shuleni nilikuwa nimeketi nao, mmoja baada ya mwingine, tukitumia matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, na mwongozo wa mwaka uliotangulia. Binti aliandika kwenye karatasi mpangilio wake kwa mkono wake mwenyewe: udaktari MUHAS, udaktari Chuo Kikuu cha Dodoma, uuguzi Dodoma, kisha kozi mbili za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Karatasi ile alimwachia bibi, na bibi akaitunza sandukuni pamoja na vyeti. Baba mdogo hakuambiwa kama ipo.

Kwa hiyo baba mdogo alifanya kile ambacho mzazi yeyote mwenye upendo angefanya. Alikwenda mjini, akaingia steshenari, akatoa namba ya mtihani ya Kidato cha Nne na ya Kidato cha Sita, akasema, "Mwombee udaktari." Kijana wa steshenari akajaza vyuo vitatu. Kila kimoja akaweka udaktari wa kwanza. Machaguo yaliyofuata aliyajaza mwenyewe kwa uzoefu wake, na Dodoma akaweka uuguzi wa pili. Chuo cha tatu alichochagua kilikuwa binafsi, ambacho binti hakuwahi kukitaja. Kwenye nafasi ya simu na barua pepe aliandika za kwake, kwa sababu baba mdogo ana kitochi tu na barua pepe hana.

Sina ugomvi na vijana wa steshenari. Bila wao watoto wengi wa vijijini wasingeomba kabisa. Lakini ona kilichotokea: mtu asiyemjua binti ndiye aliyepanga machaguo yake, na mawasiliano yote ya vyuo yalikuwa yanaingia kwenye simu ya mtu huyo.

Jina, cheti cha kifo na hofu ya bibi

Nikija kwenye mkopo, hapa ndipo nguvu zetu nyingi zilipokwenda, na ningependa wazazi waisome sehemu hii polepole.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliozaliwa visiwani. Inataka mdhamini, sahihi za viongozi wa kijiji na za hakimu au kamishna wa viapo, na kwa aliyefiwa na mzazi inataka cheti cha kifo kilichohakikiwa pia. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini nayo inaonyesha hivyo. Bibi alikuwa mnufaika wa TASAF, hapo hapakuwa na shida. Shida zilikuwa mbili.

Ya kwanza ilikuwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kiliandika jina la ukoo kwa L, vyeti vya NECTA kwa R. Huku kwetu L na R hubadilishana mdomoni bila mtu kujali, na mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Miaka yote haikumsumbua mtu. Mbele ya mfumo wa kompyuta hao ni watu wawili. Ilibidi wakili aandae hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Lingerekebishwa wakati wa usajili wa mtihani wa Kidato cha Pili au cha Nne, lisingegharimu chochote zaidi ya mwalimu kukaa na cheti cha kuzaliwa mkononi na kulinganisha.

Ya pili ilikuwa nzito. Baba alizikwa kijijini na kifo chake hakikuwahi kusajiliwa. Kijijini kila mtu anajua kuwa fulani amefariki, kaburi lipo, arobaini ilisomwa. Kwa Bodi, mtoto asiye na cheti cha kifo ni mtoto mwenye baba aliye hai ambaye kipato chake hakijulikani. Ule uyatima ambao ungeupa uzito uhitaji wake haukuwa na karatasi ya kuuthibitisha. Kuusajili kwa kuchelewa kulianzia kwa mtendaji wa kijiji, kukapitia kata, kukaishia ofisi ya wilaya, na baada ya hapo ndipo RITA wakahakiki. Aliyezunguka na barua hizo ni baba mdogo, msimu wa masoko ya tumbaku, siku ambazo kila mkulima anataka awepo mwenyewe mzigo wake unapopangwa madaraja. Namheshimu sana kwa hilo.

Wakati wa kutia sahihi, bibi aliweka kalamu chini akauliza: "Mwanangu, wakija kudai, watachukua shamba?"

Swali hilo linastahili jibu kamili. Bibi anaujua mkopo wa pembejeo za tumbaku: mbolea unaichukua kwenye chama cha msingi cha ushirika, na deni linakatwa kabla hujaiona fedha yako. Mvua ya mawe ikipiga shamba, deni linabaki palepale. Nilimweleza kwamba hapa hakuna shamba linalowekwa rehani. Anayedaiwa ni mjukuu mwenyewe. Baada ya kuhitimu anapewa miezi 24 kabla ya kuanza kudaiwa, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwavimbishia watu madeni, iliondolewa mwaka 2021. Alifikiri, akauliza kama binti asipopata kazi itakuwaje. Nikamwambia deni litabaki likimsubiri. Nilitaka alijue hilo kabla ya kusaini. Akasaini.

Nafasi mbili

Mwishoni mwa Agosti majibu ya awamu ya kwanza yakatoka. MUHAS hakuchaguliwa. Dodoma alichaguliwa uuguzi, shahada ya miaka 4. Chuo binafsi kilimchagua udaktari, miaka 5. Anayechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anapaswa kuthibitisha kimoja, kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa kwenye simu, ndani ya siku zilizopangwa. Binti alikuwa amerudi kutoka kambini. Nilialikwa nyumbani kwao Jumapili moja, tukaketi uani: bibi, baba mdogo, binti, na shangazi aliyekuja kusikiliza.

Baba mdogo ndiye aliyeanza, na hoja zake zilikuwa na uzito kuliko wengi wanavyozipa. Alisema mlango wa udaktari ukishafungwa hautafunguka tena. Kijiji kizima hakijawahi kutoa daktari. Nesi, alisema, atabaki nesi, na hata akisoma sana bado atatumwa na daktari aliyemzidi pointi mbili tu. Fedha zitatafutwa: ataongeza ekari za tumbaku, na ng'ombe wapo.

Nilimwomba binti achukue daftari, aandike nafasi zote mbili, na kwa kila moja ajaze mambo matatu: tunachokijua, tusichokijua, na nani atabeba tusichokijua kikienda vibaya.

Kwa Dodoma tulijua ada ni ya chuo cha serikali, tulijua kozi ni ya afya, na tulijua kuwa hata mkopo ukija pungufu, kilichobaki ni kiasi ambacho familia inaweza kukichangisha. Kwa chuo binafsi tulijua ada ya mwaka inazidi shilingi milioni 5. Tulijua Bodi ina ukomo wake wa kukopesha ada, kwa hiyo hata apate mkopo mkubwa kiasi gani, pengo la ada lingebaki, kila mwaka, kwa miaka 5. Tusichokijua kilikuwa kikubwa kuliko vyote: atapata mkopo au hapana, na wa kiasi gani.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana hili ndilo linaloniuma zaidi katika utaratibu mzima. Kuthibitisha chuo kunafanyika kabla Bodi haijatangaza majina ya waliopangiwa mikopo, ambayo kwa kawaida huanza kutoka Oktoba. Familia yenye uwezo haioni tofauti yoyote. Familia ya mkulima inatakiwa ichague bidhaa kabla ya kujua ina fedha kiasi gani mfukoni. Ndiyo maana ushauri wa "fuata ndoto yako", unaotolewa kwa moyo safi kwenye mahafali zetu, unaweza kumwumiza mtoto wa Urambo na usimguse mtoto wa Masaki, mtaa wa wenye nazo Dar es Salaam.

Safu ya tatu ya daftari ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Nani atabeba? Baba mdogo alisema yeye. Shangazi, aliyekuwa kimya muda wote, akamwuliza msimu wa mvua ya mawe ulikuwa mwaka gani. Hakujibu. Ndipo binti akauliza swali ambalo nadhani lilistahili kuulizwa kabla ya yote: "Nikifika mwaka wa pili ada ikakosekana, ninarudi nyumbani na nini?"

Nilimjibu kama ninavyojua. Angeweza kuahirisha masomo na kurudi baadaye fedha zikipatikana. Lakini mwaka wa pili wa udaktari haumpi mtu cheti cha kufanyia kazi, na anayeahirisha kwa ada huahirisha tena kwa sababu ileile.

Wakaniomba nitoe maoni yangu. Nikayatoa, nikisema wazi kuwa ni maoni. Nilisema kwanza kwamba uuguzi wa shahada si ile picha ya nesi aliyoizoea baba mdogo. Mwenye shahada hiyo husimamia wodi, hufundisha vyuo vya afya, na anaweza kuendelea na shahada ya uzamili katika ukunga au huduma za wagonjwa mahututi. Nikasema pia kwamba ipo njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja: kama anataka udaktari na si kingine, anaweza kukaa mwaka mmoja, akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapandisha Fizikia, akaomba upya vyuo vya serikali. Ni njia ya heshima na nimeona ikifanya kazi. Ina gharama zake: mwaka mzima nyumbani kwa msichana wa miaka ishirini kijijini una hatari zake, na kila mtu pale uani alizijua bila kutajiwa. Njia ya nne, stashahada ya tabibu ya miaka 3, niliitaja pia. Hiyo haikumvutia.

Binti alikaa na daftari. Akasema anachagua Dodoma. Baba mdogo akainuka, akaenda kuangalia ng'ombe, akarudi baada ya muda akasema basi, ni maisha yake.

Naamini alichagua vizuri, na nitaeleza kwa nini nasema hivyo bila kuudharau udaktari. Kwa familia yenye mshahara wa kila mwezi, hata mdogo, ningekuwa na mashaka. Pengo la ada linalojulikana linaweza kupangiwa mpango wa miaka 5. Kipato cha tumbaku huja mara moja kwa mwaka, baada ya makato, na mwaka mmoja mbaya unatosha kuvunja masomo. Kilichonipa utulivu zaidi ni namna alivyofikia uamuzi. Angechagua chuo binafsi baada ya kulijaza daftari lile, ningesimama naye.

Namba ya siri

Ikabaki kuthibitisha. Namba ya siri haikuwa imefika, kwa sababu ilitumwa kwenye simu ya steshenari, na laini ile mwenyewe alikuwa ameshaiacha. Siku za kuthibitisha zilikuwa zinakwisha.

Mfumo wa chuo unamruhusu mwombaji kuingia kwenye akaunti yake na kuomba namba itumwe upya. Akaunti ilihitaji nywila, nywila aliijua kijana wa steshenari, na aliyeisahau hutumiwa nyingine kwa barua pepe, ambayo nayo ilikuwa ya steshenari. Tulimfuata. Alitupokea vizuri, akafungua barua pepe yake iliyojaa maombi ya watoto wa watu wengine, akatafuta, tukabadilisha simu na barua pepe kuwa za binti, namba ikaja, akathibitisha akiwa amesimama palepale kwenye kaunta. Kijana yule angekuwa amehama mji, au angekuwa na tamaa, tungekuwa tunaandika barua za kuomba msaada TCU huku nafasi inapotea. Wakati huohuo tulihamisha na akaunti ya maombi ya mkopo, maana nayo ilikuwa imefunguliwa kwa simu ileile.

Oktoba jina lake likatoka kwenye akaunti yake ya SIPA, ile ya mwombaji katika mfumo wa Bodi. Alipangiwa fedha ya chakula na malazi, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, vitabu na viandikwa, na sehemu kubwa ya ada. Kilichobaki baba mdogo alikilipa kwa mkupuo mmoja baada ya masoko. Sasa binti yuko wodini kwa mafunzo ya vitendo. Mara moja aliniambia kwamba bado huwatazama wanafunzi wa udaktari wakipita na makoti yao na moyo humwuma kidogo. Sikumwambia aache kuumwa.

Tulichobadilisha shuleni

Kisa hiki kilitufanya tuihamishe kazi yote kutoka mwisho wa Kidato cha Sita hadi muhula wa kwanza wa Kidato cha Tano. Kila mwanafunzi ana faili lenye nakala ya cheti cha kuzaliwa, cha Kidato cha Nne, na cha kifo cha mzazi kwa anayehusika. Mwalimu wa darasa analinganisha majina herufi kwa herufi. Anayekosa karatasi anapewa barua ya kwenda nayo likizo, tukijua kuwa usajili wa kifo uliochelewa unataka muda ambao Agosti hauna. Barua pepe kila mtu anajifungulia mwenyewe kwenye maabara ya kompyuta, na nywila haiandikwi mahali ambapo mwingine anaweza kuiona. Kuhusu laini ya simu, aliyefikisha miaka 18 na kupata namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, anasajili ya kwake. Asiyefikisha anatumia ya mzazi, na mzazi anaelezwa kwamba laini hiyo isibadilishwe mpaka mtoto afike chuoni.

Kabla ya kwenda JKT, mwanafunzi anaandika mpangilio wake wa machaguo mara mbili. Nakala moja inabaki shuleni. Nyingine anaisoma kwa sauti mbele ya yule atakayekwenda steshenari, awe baba, kaka au jirani, na wote wawili wanaisaini. Tunawaomba pia wakae pembeni ya anayejaza mpaka amalize, na waondoke na nakala ya kila ukurasa.

BAM nayo tumeanza kuisemea mapema. Vijana wa PCB na wa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, huiona kama mzigo usiohesabiwa kwenye daraja, wakaiacha. Kisha Julai wanakuta kozi kadhaa za sayansi na teknolojia zinamtaka asiyesoma Hisabati ya Juu awe na angalau S ya BAM au alama fulani ya Hisabati ya Kidato cha Nne. S ya binti yule haikumsaidia kwenye uuguzi, lakini ingemfungulia milango mingine kama mambo yangekwenda kombo.

Kuhusu kalenda, mwalimu wa shule hana uwezo wa kusogeza tarehe za TCU wala za Bodi. Ninaloweza kulisema hadharani ni kwamba muda wa kuthibitisha vyuo na muda wa kutangaza mikopo ukikaribiana hata kwa wiki chache, watoto wa wakulima watakuwa wa kwanza kunufaika. Kwa sasa, kwenye kikao cha wazazi cha Februari, kila mzazi wa Kidato cha Sita anafanya hesabu ya ada ya kozi mbili ambazo mtoto wake anazitaka, mara ya kwanza mkopo ukiwa umepatikana wote, mara ya pili ukiwa nusu, mara ya tatu ukiwa haupo, na mtoto anakuwa ameketi pembeni yake akiandika.